Mama Séraphine Kyungu na Kitufe Kisichotuma Kitu

Jumamosi hii, tarehe 31 mwezi wa tatu 2018, Mama Séraphine Kyungu anastaafu. Ametumikia Kituo cha Mapendano, hapa Kalemie, kwa miaka thelathini, na chumba chetu cha intaneti ni yeye aliyekifungua. Mimi nimefanya kazi naye tangu nilipomaliza shule mwaka jana. Kamati imeniomba niandike wasifu wake na kuusoma mbele yenu, nao ndio huu.

Aliingia kituoni mwaka 1988 kama daktilo, yaani mpiga chapa. Alipiga kwa mashine barua za arusi, kazi za wanafunzi na malalamiko ya wavuvi kwa serikali, na kila aliyekosea Kifaransa alisahihishwa bila kuomba. Vita vya 1998 vilipoanza, alifunga mashine ya kuandikia mgongoni kwa kitenge na kupanda nayo mlima. Jirani aliyemsaidia kufunga fundo alilalamika, “Mutoto wako njo muzito hivi?” Akamjibu, “Amefuata baba yake.” Mashine ile ilirudi nzima, isipokuwa herufi K, na kwa mwaka mzima jina la mji wetu aliliandika kwa C.

Kompyuta zilipokuja, alijifunza pamoja na vijana, na alipenda kuwashinda. Hakuwa mnyenyekevu, na leo hatutamsingizia unyenyekevu. Koneksio yetu, yaani intaneti ya setilaiti, ilikuwa nzito na tulilipia kila kilichopita. Ndipo mwaka 2014 akaweka kwenye vivinjari vyote kiongezeo kidogo cha kuzuia skripti, yaani zile programu ndogo ambazo ukurasa wa intaneti unakuja nazo, nyingine za kazi, nyingine za matangazo na upelelezi. Akawa anatembea barabarani akitangaza kwamba chumba chake ndicho chepesi kuliko vyote Kalemie. Ilikuwa kweli.

Wateja walizoea tabia za kurasa zilizonyang'anywa skripti. Habari zilifunguka upesi, maneno matupu. Mahali pa picha palibaki miraba ya kijivu. Menyu nyingine hazikufunguka hata ukizibonyeza mpaka kidole kikuume, na kurasa nyingine zilikuja nyeupe kabisa kama shuka. Mtu akiinyoshea kompyuta kidole na kuita, “Mama Séra, ordinatere imekufa,” yeye alijibu kutoka mezani kwake, “Haijakufa, imenyimwa tu,” akaja kuuruhusu ukurasa ule mmoja. Kasoro inayoonekana haikumtisha.

Mwaka jana vita vya barabara ya Nyunzu viliwaleta watu wengi kwenye kambi ya Katanika, nje ya mji. Tangu mwezi wa kumi walikuja kwetu kuandikisha ndugu waliopotezana nao njiani, kwenye ukurasa wa shirika moja la kutafuta watu. Ukurasa ule ulifunguka vizuri, mwepesi, na visanduku vyake vilipokea jina, umri na kijiji. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ulipepesa kidogo na visanduku vikarudi vitupu, tayari kwa mtu mwingine. Nani asingeamini kwamba jina limekwenda? Watu walishukuru, wakarudi Katanika kungoja.

Hakuna jina lililokwenda. Kitufe kile kilitegemea skripti, na skripti tulikuwa tumeizuia. Ukurasa ulijifungua upya tu na kufuta kila kitu.

Hapo ndipo hasira inanipanda, na sitaificha kwa sababu ya sherehe. Aliyetengeneza ukurasa ule alipata muda wa kukipaka kitufe rangi ya buluu. Hakupata muda wa kuandika sentensi moja ya kumwambia mtu kwamba alichoandika hakijatumwa. Ukurasa wa watu waliokimbia vita ulitengenezwa kwa ajili ya koneksio ya watu ambao hawajakimbia chochote. Ukurasa mweupe angalau unakiri kwamba umeshindwa, lakini ule ulitudanganya kwa adabu.

Tuligundua mwezi wa pili. Papa Souleymane, mfanyabiashara aliyetoka Kigoma, alimwandikisha kaka yake aliyepotea kwenye ukurasa ule ule, lakini kwa simu yake mwenyewe, akiwa amekaa mbele ya meza ya Mama Séraphine. Mwishoni simu ilitoa mstari wa kijani wenye namba, kuthibitisha kwamba jina limepokelewa. Akamwonyesha. Mama Séraphine aliitazama ile namba, kisha akazitazama kompyuta zake, akaketi kwenye moja na kuujaza ukurasa ule ule: haukutoa namba yoyote.

Jioni ile ile aliieleza kamati. Mmoja wao, ambaye simtaji jina kwa sababu amekaa safu ya mbele na anajijua, alisema, “Achana nayo, Mama. Bale bantu batajua namna gani? Banangojea tu.”

“Banangojea sisi,” Mama Séraphine akajibu, akabeba mkoba wake.

Kesho yake tulikwenda naye Katanika. Alisimama penye bomba la maji, ambapo akina mama walikuwa kwenye mstari na ndoo zao, akasema kwa sauti yake ile ile ya majivuno kwamba kosa ni la chumba chake na kila mmoja arudi kuandikisha upya. Wengine walimcheka. Mama Florentine hakucheka. Mtoto wake Wilfried, wa miaka kumi na mmoja, alipotelea porini familia ilipokimbia. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kumshawishi kwamba kimya cha miezi minne ni jibu, na Jumamosi walitaka kuweka matanga.

“Jina la mutoto wako halikutoka kwetu hata siku moja,” Mama Séraphine alimwambia. “Mimi njo nilifunga njia.”

“Basi nimemulilia nani?” Mama Florentine akauliza.

Hakumkumbatia mtu. Aliacha ndoo yake kwenye mstari, akatembea nasi mpaka mjini, akakataa kiti. Mama Séraphine alifungua ruhusa ya ukurasa, akaandika upya, wakaingoja namba wote wawili wamesimama. Ilipotokea, Mama Florentine aliisoma tarakimu moja moja, kisha akaomba aisome tena. Matanga yaliahirishwa. Wiki tatu baadaye jibu lilifika: Wilfried yuko Kabalo, kwa familia ya mfanyakazi wa reli, mzima. Juzi alimpigia mama yake simu na kulalamika juu ya chakula cha huko.

Kamati ilinitaka niandike kwamba Mama Séraphine amehudumu miaka thelathini bila dosari. Siandiki hivyo. Sentensi hiyo ingefuta safari zake zote za Katanika, na ingempa heshima sawa na yule aliyesema tuachane nayo.

Amewarudia karibu wote walioandikisha kwetu. Wachache walikuwa wamekwisha kuhama, wengine tunasikia wamepanda mpaka Kirungu, kule milimani, na bado wanadhani majina yao yanatafutwa. Mama Séraphine, asante kwa kazi, kwa ukali na kwa kicheko. Nenda upumzike na wajukuu wako, ujaliwe afya na miaka mingi. Hao waliobaki hawako juu yako tena. Jumatano naanza na wale wa Kirungu.