Korosho ya Mzee Teofili Bado Iko Kwenye Ungo

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, Mzee Teofili Nampoto, muongoza wageni wa Msitu wa Namitula, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Wasifu huu umeandikwa na Hemedy, dereva wa ofisi, mtu aliyefika Lusaka, Beira na Tunduma. Waliosoma zaidi yake waliombwa, wakasema wana kazi.

Mzee Teofili ni mzaliwa wa Marambo, Nachingwea. Alianza kama mlinzi mwaka 1993, akapewa buti namba tisa. Yeye anavaa saba. Alizivaa miaka sita bila kulalamika, ndiyo maana mpaka leo hatua zake ni fupi.

Mwaka wake wa kwanza wa kuongoza msafara, mgeni mmoja alisahaulika ndani. Alipatikana asubuhi juu ya mti, mzima, ila hakutaka kuongea na mtu. Mzee akaapa hatabaki mwingine. Sasa, wazee wa kwetu hawapendi watu wahesabiwe kwa kidole kwenye mlango wa msitu. Basi kila anayeingia anaweka korosho moja, na ganda lake, kwenye ungo pale getini. Akitoka anachukua yake. Korosho ikibaki, mtu amebaki, na Mzee haendi nyumbani.

Huko ndani hakuwa msemaji. Kwenye pango walimojificha watu wakati wa vita vya Maji Maji, aliwaambia wageni wakae kimya kama bibi wa baba yake alivyokaa, kamziba mtoto mdomo. Wengi walishindwa dakika mbili. Kwenye gurudumu la trekta la Waingereza alisema tu kwamba walikuja kulima karanga, karanga hazikukubali. Mgeni wa Dar aliuliza kama simba wapo. Akajibiwa wapo, isipokuwa siku wakiwa na safari.

Mwaka 2016 walikuja walimu kumi na wanne kutoka Ruangwa, dereva akaombwa abebe maji nyuma ya msafara. Kwa uzoefu wake wa misitu ya nchi tatu, dereva alitokea njia ya wachoma mkaa, akapanda bodaboda hadi mjini kutazama mpira. Gari likabaki getini. Korosho ikabaki kwenye ungo. Mzee aliwatoa walimu wote, akaiona, akarudi ndani peke yake. Aliita Hemedy kwa Kiswahili, halafu kwa Kimwera, maana aliyepotea huenda anasikia vizuri lugha ya mama.

Hemedy alirudi saa kumi na mbili jioni akitafuna muwa. Mwalimu Klementina akamwambia, "We baba, hilo koo linapitisha kweli?" Mzee alitoka sauti imekauka, shati limechanwa na miiba. Hakugomba. Aliiokota ile korosho, akaiweka mkononi mwa dereva.

"Chukua yako, nikapumzike."

Na mpira tulifungwa.

Kazi anamwachia Zuena Likwata, aliyefundishwa naye miaka mitano, na ambaye dakika za pangoni anazimaliza na kuongeza. Dereva naye aliomba nafasi hiyo. Aliambiwa gari litamkumbuka.

Ijumaa iliyopita Mzee aliongoza safari yake ya mwisho. Wageni tisa walitoka, wakachukua tisa. Zuena akachukua yake, dereva akachukua yake mapema sana. Kwenye ungo ikabaki moja. Mzee aliitazama, akavaa kofia, akaenda zake. Mtu huyu hajawahi kusahau korosho hata siku moja. Kwa sheria yake mwenyewe, bado yumo ndani, na tangu siku hiyo Zuena anafunga geti kwa shingo upande.

Leo ungo umeletwa ukumbini. Uko mezani, kando ya godoro na mabati thelathini ya zawadi. Mzee wetu, umetutoa wote, hata tusiostahili, na tunakushukuru. Mikorosho yako ya Marambo inadai palizi, nasi tunakuombea afya ya kuipalilia miaka mingi. Sogea hapa mbele, watu wakuone.

Chukua yako, ukapumzike.