Feni ya Mke Mwenza

Kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Kasulu kina benchi moja refu, na benchi lenyewe ni ubao wa lori bovu, kwa hiyo kila anayelikalia hujiona dereva. Jumamosi moja ya mwaka tisini na nane, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati, mbele ya benchi palisimama Landrova kuukuu ya enzi za mkoloni, boneti wazi, na Pasikali, mwenye gari, kainamia ndani yake. Mkewe Rosa alikuwa kwao Munanila tangu mavuno ya maharage. Aliondoka akisema hawezi kuishi na mke mwenza anayekunywa petroli na kufunikwa turubai jipya, wakati yeye paa linamvujia kitandani. Pasikali alipotuma watu kuomba radhi, baba mkwe alikata maneno: kilichomfukuza mwanangu ndicho kije kimchukue, kesho Jumapili, na pombe ya ndizi juu yake kama desturi inavyotaka; asipofika kesho, asije tena. Pombe ilikuwa tayari kwenye madumu. Lakini feni ya injini ilikuwa inayumba kama mlevi, na mapanga yake yalishaanza kukwaruza rejeta. Rejeta ikitoboka, maji chini, na ndoa nayo chini.

— Zima, zima! — alipiga kelele Venanti, fundi baiskeli ambaye mji mzima unamwita Spoku. — Hii ni rimu tu. Rimu ikipinda, inanyooshwa.

Akaishika feni vilevile anavyoshika gurudumu la baiskeli: kidole kimoja kimeganda pembeni, mkono wa pili unazungusha taratibu, na panga lolote linalogusa kidole linakula nyundo. Kazi hiyo aliianza asubuhi. Ukiizungusha kwa mkono, feni inapita sawa kabisa. Ukiwasha injini, inacheza.

— Gonga tena hilo la juu, — Pasikali alisema.

— Nimeligonga mpaka limesahau kwao.

— Gonga.

— Haya. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani, Spoku? Huyo ana miaka arobaini!

Aliyedakia hivyo alikuwa Bazilio, aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu habari za dunia humfikia yeye kwanza, na zikitoka kwake hazifanani tena.

— Wazee, msijichoshe, — Redio aliendelea. — Hii ni El Nino.

— El Nino ilileta mvua, — Spoku alisema.

— Mvua ndiyo uliyoiona wewe. Yale maji yamejaa upande mmoja wa dunia. Dunia imeelemewa, inazunguka ikiyumba. Sasa kila kinachozunguka lazima kiyumbe.

— Mbona baiskeli zangu haziyumbi?

— Zinayumba. Huoni kwa sababu na wewe unayumba nazo.

Rigobert, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwenye birika la kahawa, alitikisa kichwa kwa huruma.

— Nyinyi hamujue motere, mambo ya injini. Mimi niliendesha lori Uvira miaka mingi. Hii feni iko na haya. Kila siku zile gari nyeupe za kambini zinapita hapa, mupya, zinang'aa. Yeye anaona, anatetemeka. Vwala, ni hivyo tu.

— Kwa hiyo tumfumbe macho? — Pasikali aliuliza.

— Mufunike rejeta na kitenge. Asione barabara.

— Kweli kabisa, — Redio alidakia. — Wahenga walisema macho hayana pazia.

Walicheka, Pasikali hakucheka. Alikuwa amechoka kula viazi vya jana, na zaidi alichoka kurudi jioni kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumgombeza. Alimtaka mkewe, basi.

— Kesho nafika Munanila, — alisema. — Hata kwa kulisukuma.

— Ile milima utasukuma?

— Nitasukuma.

Hapo akatokea mama mrefu, kajifunga vitenge viwili na blanketi juu, miguu imejaa tope la njiani. Benchi zima lilisimama. Alikuwa Ntirampeba, senge yake Rosa, na huku dada wa baba ndiye mwenye kauli kwenye ndoa ya binti.

— Amahoro hapa?

— Amahoro, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Nimetumwa kuangalia, mkwe. Kesho unakuja au huji?

— Nakuja, mama. Ni hii feni tu inayonisumbua.

— Feni ndiyo nini?

— Inavuta upepo, injini ipoe.

Ntirampeba aliutazama ukungu, akavuta blanketi hadi kidevuni.

— Yoo! Baridi yote hii, feni ya nini?

Redio alianza kucheka, akaishia njiani. Spoku aliweka nyundo chini. Rigobert, pamoja na miaka yake yote ya Uvira, alimimina kahawa nje ya kikombe.

Pasikali alichukua spana. Nati zilikuwa na kutu, akazing'ang'ania mpaka feni ikatoka nzima nzima. Akawasha. Injini ilinguruma, na hapakusikika mkwaruzo wowote.

— Mlimani litachemka, — Spoku alisema kwa sauti ndogo.

— Tunatoka alfajiri, baridi ikiwepo. Likichemka tunasimama lipoe, tunaongeza maji, tunapanda tena. Naomba madumu.

— Ya maji au ya pombe? — Redio aliuliza.

— Ya maji! Ya pombe hayaguswi.

Rigobert aliinamisha birika, yakadondoka machicha ya kahawa tu. Ntirampeba aliokota ile feni kwenye tope, akaigeuza huku na huku.

— Hii naibeba mimi. Nitamwambia Rosa mke mwenziwe kavuliwa kilemba. — Kisha akachungulia nyuma ya Landrova. — Na hilo turubai?

Pasikali alilivuta turubai, akalikunja, akalibana kwapani.

— Spoku, — alisema, — twende nyumbani unishikie ngazi, kabla mvua haijanyesha.