Hatua Arobaini Kutoka Getini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, mlinzi wetu Mzee Elikana Bukuru atakabidhi bunduki, ufunguo wa mlango wa nyuma na koti la mvua, na kustaafu rasmi baada ya kulitumikia Ghala la Mwambao, hapa Bangwe, kwa miaka ishirini na tisa, miezi miwili na siku ishirini na tano. Hizo siku ishirini na tano amenisisitizia nisizisahau. Katika muda wote huo hakukosa zamu, ukiondoa wiki tatu ambazo nitazieleza, kwa sababu mimi ndiye niliyezisababisha.

Bi Winfrida, meneja wetu, amenipa mimi, Saad wa Ujiji, msimamizi wa wapakizi, kazi ya kuandika wasifu huu. Wapo waliosoma kunizidi. Mimi shule tuliachana darasa la sita, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Lakini katika ghala hili nani mwingine amefika Bujumbura, Uvira, Kalemie mpaka Mpulungu, akala kwa watu na kurudi na nguo zake mwilini? Basi nisomeni kwa adabu.

Elikana aliingia hapa Aprili 1995, kijana mwembamba kutoka Kasulu, katoka mafunzo ya mgambo, suruali kaifunga kwa kamba ya katani. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha kingi ndani yake. Alimwamkia kila mtu "Mwakeye", salamu yao ya asubuhi, hata jua likiwa linazama upande wa Kongo. Mwaka 2003 alimzuia getini mwenye ghala mwenyewe kwa kutokuwa na kibali, akamsimamisha juani dakika ishirini. Tajiri alipandwa na hasira, kisha akampandisha Elikana cheo.

Wakati ule walinzi walikuwa wawili, Elikana na marehemu Bonifasi, na bunduki ilikuwa moja. Walipokezana kila Jumatatu: mmoja anaivaa begani, mwenzake anashika daftari la mizigo. Mwenye bunduki aliketi getini, kando ya masufuria ya Nasma, mama lishe wetu, na sisi wote tukajibana hapohapo. Mimi na Elikana tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda, bunduki imetulia mgongoni mwake kama mtoto aliyeshiba. Kina mama wenye watoto wachanga walisogeza vigoda vyao karibu nayo. Nasma alikuwa akiwaambia wageni, "Kaeni huku kwenye bunduki, jamani, huko mbali mtaibiwa hata meno." Tuliamini hivyo kabisa. Na tuseme haki: vibaka waliiogopa. Kwa miaka kumi na sita haukupotea hata mfuko mmoja wa saruji.

Jumanne tarehe 8 Novemba 2011, saa nne asubuhi, ilikuwa wiki ya Bonifasi. Injini nane mpya za boti zilikuwa zimeshushwa siku iliyotangulia. Watu wanne walipanda kutoka majini wamebeba magunia kama wateja wa dagaa, na ndani ya gunia moja mlikuwa na bunduki ya SMG. Hawakuuliza bei, hawakutoa amri, hawakumtazama mtu mwingine yeyote. Walimtafuta mwenye bunduki kwa macho, wakampiga yeye kwanza, mkanda ungali begani. Risasi ya pili ilimpata Nasma pajani. Kosa lake lilikuwa kupika karibu na ulinzi.

Elikana alikuwa ndani na daftari, mikono mitupu. Aligonga kile kipande cha reli tunachotumia kama kengele, akachomoa komeo la mlango wa nyuma, akatutoa watu thelathini na wanne. Idadi naijua kwa sababu alituhesabu. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka. Wanaosema nilikuwa wa kwanza wana wivu.

Yeye hakutoka. Alitambaa mpaka kwa Bonifasi, akavua shati lake la kazi, akafunga jeraha, akachukua bunduki. Majambazi walikuwa wanabeba injini, wako wazi mbele yake, na nyuma yao wamelala chini kina mama sita na watoto wao. Hakufyatua. Goroli za bunduki ile hutawanyika kama mchele uliomwagika, na hazichagui pa kuangukia. Wakaondoka na injini tatu. Elikana akatoka mbio getini kuangalia boti inaelekea wapi: kifua wazi, damu ya mwenzake mpaka kwenye viwiko, bunduki mkononi.

Hapo ndipo nilipowasili mimi, shujaa wenu. Nilikuwa nimekusanya wapakizi tisa na makasia yao, tukazunguka ukuta na kutokea mbele ya geti. Nikaona mtu mwenye bunduki. Basi, zaidi ya hapo sikuona kitu. Mimi ninayejigamba kwamba jambazi namjua kwa mwendo wake, sikumtambua mtu niliyecheza naye drafti jana yake. Nilimpiga kasia la kichwa. Akaanguka, na wenzangu wakainua makasia yao kumalizia, ndipo Nasma alipopiga kelele pale chini alipolala: "Saad, mwehu wewe! Huyo Elikana! Mnamuua Elikana!"

Nyuzi kumi na moja, na wiki tatu kitandani. Bonifasi hakufika hospitali. Tulimzika kesho yake, na Elikana hakuruhusiwa kuinua kichwa, seuze kubeba jeneza.

Alipopona, uongozi uliitisha kikao kuhusu bunduki. Bi Winfrida alisema bunduki isiyoonekana haimtishi mtu, na tukiiondoa getini vibaka wa mji mzima watapata habari kabla ya magharibi. Elikana akasimama na bandeji yake. Alisema bunduki inayoonekana inamfukuza aliyekuja na mikono mitupu. Aliyekuja na bunduki inamwonyesha pa kuanzia. Akasema siku ile bunduki haikumwokoa mtu, kilichookoa watu ni mlango. Tukapiga kura. Bunduki ikashinda, na kura yangu ilikuwemo. Na kwa kuwa aliyebaki anayejua kuishika ni yeye peke yake, akaivaa.

Asubuhi iliyofuata alibeba kiti chake kutoka getini, akahesabu hatua arobaini mpaka kwenye mapipa matupu ya mawese, akakiweka hapo na kukizungushia mstari wa chokaa. Hakuna kuvuka. Kutoka pale aliliona geti lote, na sisi tulimwona yeye, na ikawa hivyo kwa miaka kumi na miwili na nusu. Nasma, ambaye anachechemea mpaka leo, alimwekea sahani ya ugali na migebuka kwenye mstari, akarudi. Elikana alikula mwenyewe, peke yake. Sikukuu alikula mwenyewe. Siku tuliyochinja mbuzi wa miaka hamsini ya ghala alikula mwenyewe, na mfupa akautupia paka.

Wageni walidhani ana maringo. Lakini hakuna mfanyakazi aliyeajiriwa hapa ambaye siku ya kwanza hakuonyeshwa na Elikana mlango wa nyuma, komeo lake linavyochomolewa, na ukuta wa kulala chini yake. Alimalizia kwa maneno yaleyale: "Ukisikia reli inalia, usinikimbilie mimi. Kimbia mbali na mimi." Vijana walicheka. Hata hapo sikuelewa. Kichwa changu kimetembea sana lakini hakina taa.

Mimi niliamini sababu ni lile kasia. Nilimtania kutoka mbali, "Rais wa Mapipa, hujambo?" Aliinua mkono, hakucheka. Nikajua bado ana hasira, nami nikaona haya kuuliza. Nimevuka ziwa mara zisizo na idadi, hatua arobaini zikanishinda.

Mwezi uliopita Bi Winfrida alinituma kwake na karatasi, nichukue habari zake. Nilisimama kwenye mstari kama mtu anayepiga hodi. Nikauliza mwaka wa kuzaliwa, nikauliza watoto, halafu likanitoka: "Kaka, bado una kinyongo na lile kasia?"

Alinitazama kama nimemuuliza jina lake. "Kasia? Saad, ningekuwa mimi ningekupiga mawili. Nilihama kwa sababu ya paja la Nasma. Wakija, watakuja kwangu kwanza. Nilitaka wanikute peke yangu."

Kisha akaniuliza, taratibu, siku hizi nacheza drafti na nani. Nikamwambia sichezi na mtu. Nikarudi ofisini kwa kusingizia kwamba kalamu imeisha wino.

Mkewe, Mama Skolastika, anasema hata kwao Rusimbi mzee huweka kigoda chake mlangoni, peke yake, na wajukuu huambiwa wakacheze nyuma ya nyumba. Hana bunduki pale. Ni mazoea yaliyomfuata nyumbani.

Uongozi ulipanga kumpa saa ya ukutani. Yeye aliomba kitu kingine: kwamba mlango wa nyuma usifungwe kwa kufuli kamwe mchana, na kwamba atakayemrithi asikalishwe na bunduki wazi. La kwanza limekubaliwa. La pili limekubaliwa kwa majaribio ya miezi sita: bunduki itakaa kwenye sanduku la chuma, na Wema, mlinzi wetu mpya, ataanza na filimbi, simu ya upepo na kipande chetu cha reli, naye ataketi getini na watu. Wapo wanaonung'unika, na huenda wana haki yao. Mimi sina mizani ya kupimia wizi ambao haukutokea. Ninachokijua ni uzito wa kile kiti kule kwenye mapipa.

Mstari wa chokaa niliufuta jana mwenyewe, kwa ufagio na ndoo nne za maji ya ziwa. Haukutoka kirahisi.

Mzee Elikana, kwa niaba ya watu thelathini na wanne, na wengine wengi uliowafundisha mlango, ahsante. Ijumaa ukishakabidhi, usielekee kwenye mapipa kwa mazoea. Kiti chako kimerudi getini, kati yangu na Nasma, karibu kiasi kwamba viwiko vitagombana. Na nyumbani kisogeze kigoda mezani. Wajukuu wakupande mgongoni, maana mgongo sasa hauna kitu. Tunakutakia uzee wenye kelele nyingi, mikono mingi kwenye sahani moja, na usingizi usio na zamu. Mimi nitakuja Rusimbi kila Jumapili na ubao wa drafti, na safari hii nitakaa kabla hujanikaribisha.

Saad, msimamizi wa wapakizi