Beki Asiyetajwa Redioni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hata na wale ambao majina yao hayasomwi popote!

Mimi ni Agnesi wa Kikwajuni. Wengi mnaniona hapa kwaya, sauti ya pili. Msilolijua ni kwamba nacheza mpira wa miguu, beki wa kati, na kwa miaka mingi nilikuwa mtumwa wa redio.

Ndugu zangu, huku kwetu redio ndiyo inayozaa nyota. Mtangazaji akikupenda anakupa jina la utani, jina linashika mtaani, na wanaochagua timu ya kisiwa wanakuja uwanjani nalo masikioni. Mtangazaji wetu aliwapenda wafungaji tu. Mwenzetu Zuwena akaitwa Kimbunga, na anastahili. Lakini mimi nikiutoa mpira mstarini, yeye anasema, "Mpira umeokolewa." Umeokolewa na nani? Na upepo?

Sasa mama yangu macho yamefifia, kwa hiyo mechi zetu alizisikiliza redioni. Narudi nyumbani magoti yamechubuka, ananiuliza taratibu, "Leo tena hukucheza, mwanangu?" Lilinichoma neno hilo! Majirani nao wakaanza kunong'ona, huyu binti anayetoka kila jioni na redio haimtaji, mpira huo anauchezea wapi. Nikawa nafunga na kuomba, si kwa ajili ya ushindi, bali nitajwe. Mama yangu anisikie mara moja tu.

Siku ikafika. Mtangazaji yule alinifuata baada ya mazoezi, akaniambia niende studio nizungumze moja kwa moja hewani, na jina nitapata. Nikaona maombi yamejibiwa! Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, kukaa tu na redio.

Ndugu zangu, hakuniuliza habari za mpira. Aliniuliza kama ni kweli Zuwena ananichukia kwa sababu mimi Mkristo na yeye Muislamu. Nikaisogeza maiki mbali nami. Akaziba maiki kwa kiganja, akaninong'oneza, "Sema lolote, dada. Watu wanataka bifu. Kesho mji mzima utakujua."

Shetani si mjinga. Alikuja na kitu kilekile nilichokifungia!

Lazima mjue kwamba timu yetu jezi tunazifua wenyewe kwa zamu, na zamu yangu iliangukia Jumapili. Lakini tangu nijiunge sijafua Jumapili hata moja. Zuwena anazibeba zote kwao, ananiambia, "We nenda kanisani, mie n'tazifua." Ramadhani ikiingia nazichukua mimi, maana beseni la jezi zenye tope si kazi ya mtu aliyefunga. Sasa huyu ndiye nimuuze?

Bwana akaushika ulimi wangu. Nikaivuta maiki nikasema, "Jezi ninayovaa kaifua Zuwena. Ugomvi katafute kwengine. Mimi naitwa Agnesi, beki wa kati, na nilikuwemo uwanjani kila mechi uliyotangaza."

Wakapiga muziki. Nikaonyeshwa mlango, nikatoka bila kuaga.

Jina la utani sikupewa. Timu ya kisiwa ilipotajwa, sikuwemo. Hadi leo yule bwana anasema "mpira umeokolewa." Na aseme! Minyororo imekatika! Mungu aliniita kwa jina kabla huyo hajakabidhiwa maiki, na sitapiga magoti tena mbele ya redio. Magoti yangu haya yana kazi mbili, kuomba na kucheza.

Siku ile ya studio nilimkuta mama ameizima redio. Akaniambia, "Mechi ijayo nipeleke." Nikamwambia, mama, hutaona kitu. Akanijibu, "Miaka yote nimekaa na redio. Niliona nini?"

Siku hizi anakaa pembeni mwa uwanja na Bi Mwanaidi, mama yake Zuwena, naye humsimulia mpira wote. Nikimpokonya mtu mpira, namsikia Bi Mwanaidi akisema, "Kauchukua Agnesi wako." Na mama yangu anapiga vigelegele, ndugu zangu, mpaka refa anageuka!

Namshukuru Mungu. Nawe unayesubiri kutajwa, na bosi, na wakwe, na ulimwengu, mtegemee Yeye asiyehitaji kutangaziwa upo wapi. Na Jumamosi tunacheza. Njooni, na redio ziacheni nyumbani.