Majibu Yaliyogonga Nyumba Nyingine

Benchi liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, linatazamana na geti la hospitali, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Asubuhi hiyo Chaji alifika macho mekundu, akajibwaga ukingoni bila hata salamu. Wenzake wa benchini walimpa jina hilo kwa sababu popote aingiapo hutafuta kwanza soketi ya kuchomeka kompyuta yake. Ndiye aliyetengeneza programu ya kupeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi kwa madaktari. Tangu juzi, hospitali ilipobadilishiwa anwani za mtandao, madaktari hawapati kitu, na lawama zote zimemwangukia yeye.

— Kunywa kahawa kwanza, mdogo wangu, alisema Breki, dereva mstaafu. Halafu tueleze, kimekwama wapi?

— Hakijakwama, kaka. Kila kompyuta ina anwani, kama nyumba. Halafu kuna namba ya mlango. Vinaandikwa mstari mmoja, katikati alama ya nukta mbili, moja juu ya nyingine. Programu yangu inakata kwenye alama hiyo ya mwisho. Kushoto nyumba, kulia mlango.

— Si safi hiyo? Kinyozi alichungulia, kitana mkononi.

— Ilikuwa safi. Sasa hizi anwani mpya zenyewe zimejaa nukta mbili. Ya madaktari inaishia kwa kumi na mbili, mlango haukuandikwa. Programu ikakata hiyo kumi na mbili, ikadhani ndiyo mlango.

— Na kilichobaki?

— Anwani ya nyumba nyingine.

Kinyozi akaguna.

— Mimi nasema wamezirefusha makusudi. Zile fupi wenye nazo wameshajigawia, sisi tumebakiziwa mikia.

— Acha hizo, alisema Breki. Kompyuta ina kinyongo. Lori langu nililibadilishia njia, likazimika kila kilima.

— Lilikuwa bovu, kaka. Hapa kuna mtu ameajiriwa kukaa ndani ya waya na mkasi.

— Mtu mzima ataenea kwenye waya?

— Wanachagua wembamba.

Chaji alitaka kucheka, kicheko kikamkatalia. Dawa ya programu alikuwa nayo tayari, alisubiri tu ruhusa ya wakubwa. Alichotaka sasa ni usingizi.

Mama mmoja alitoka getini, pamba imebandikwa mkononi, akaomba nafasi. Wakasogea kumpisha.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nilikuwa hapo getini, nikawasikia mkitaja madaktari na nyumba nyingine. Mimi walinipima juzi. Maabara wanasema wametuma, daktari anasema hajaona. Leo wamenitoa damu tena.

— Pole, mama, alisema Chaji. Kosa ni la programu yangu. Mchana yatatumwa upya, daktari atayaona.

— Ahsante, baba. Mama alizungusha kikombe alichopewa. Na yale ya juzi? Hiyo nyumba nyingine, ni ya nani?

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Chaji.

— Naitafuta, mama, alisema Chaji.

— Maana mume wangu mwenyewe hajui kama nimepima.

Kinyozi akarudi ndani kwa mteja wake, taratibu. Breki aliinua birika, akalikuta tupu, akaliweka chini. Chaji aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akafungua kompyuta mapajani, akabaki ameikodolea macho, na mama yule akabaki kando yake, akisubiri.