Sajini Sifuna na Bastola ya Pete

Tarehe 31 Desemba 1998, Sajini Isaac Sifuna anakabidhi funguo za ghala la silaha baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, ishirini kati yake akiwa nasi hapa kituoni.

Sote tunalijua dirisha lake. Ukirudisha bastola yenye vumbi, anakurudisha nayo. Mimi, Konstebo Nthenya, nilifukuzwa mara mbili siku moja, na mara ya pili nilikuwa nimeipangusa kwa leso yangu ya kanisani!

Mwaka 1994, Konstebo Nyamai alinyang'anywa bastola sokoni Kawangware. Siku tatu baadaye, majambazi walimpiga nayo risasi ya goti Mama Nekoye, muuza mboga wa mtaa wa Gatwekera. Sifuna ndiye aliyekuwa ameitoa bastola hiyo ghalani. Hakuna aliyemlaumu, lakini kila Jumapili alikwenda hospitalini kumwona mama huyo mpaka akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mwaka jana alikuja mhandisi na bastola isiyofyatuka ila mkononi mwa aliyevaa pete yake. Sifuna alifurahi mno, akaenda kumweleza Nekoye.

"Hiyo ikikuja," mama akasema, "nitauza sukuma bila kuangalia nyuma."

Sifuna akapewa kazi ya kuijaribu. Mkono ukiwa mkavu, haikukosea. Akaupaka matope, kama ya mtaa wa Laini Saba wakati wa mvua, akafyatua mara kumi. Ilikataa mara tatu.

"Na mwenzangu akianguka," akamuuliza mhandisi, "nitamwokoa vipi na bastola yake, na pete iko kwa kidole chake?"

Mhandisi akaliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Wakubwa walitaka sana ripoti nzuri. Sifuna aliandika kwamba haijafaa, na kwamba utafiti usiachwe. Kisha akaenda mwenyewe Gatwekera.

"Bado, mama," akamwambia.

"Afadhali umeniambia wewe," Nekoye akajibu, akamkaribisha chai.

Hakuishia hapo. Yeye na Amolo, fundi wa jua kali, walitengeneza minyororo myepesi ya kufungia bastola kwenye mshipi. Tangu hapo hatujanyang'anywa hata moja.

Sajini, asante kwa kuandika ukweli uliokuuma wewe kuliko sisi. Nenda salama nyumbani Kimilili. Mahindi yastawi, wajukuu wakuchoshe, na usingizi wako uwe mtamu.