Tabibu wa Machimbo Anasubiri Kauli

Leo, katika mwezi wa tatu wa msimu wa Mafuriko ya mto, Tabibu Renseneb anastaafu baada ya kuwatumikia wachongaji na wavuta mawe wa machimbo ya Roau kwa miaka thelathini na tisa. Msimamizi wetu Khety amenituma mimi, tabibu msaidizi wa Renseneb, niandike wasifu huu na kuusoma mbele yenu, akaniagiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini nyote mnajua nani amelala kwenye kibanda cha wagonjwa, na mnajua kwamba Mzee wetu Renseneb amekaa hapo mbele akisubiri nifike mwisho. Bia sijaigusa.

Alifika hapa akiwa kijana mwembamba, ametoka kusomea utabibu hekaluni Mennefer, na kikapu cha vitambaa vya kitani begani. Wachongaji walimwita "Binti Mfalme" kwa sababu alinawa mikono kila baada ya mgonjwa. Jina hilo lilikufa siku bega la Ipi, mvuta mawe mwenye mwili wa fahali, lilipotoka mahali pake. Renseneb alimlaza chini, akamtia mguu kwapani, akavuta hadi bega likarudi. Ipi alilia kama mtoto, kisha akawaambia wenzake, "Huyo Binti Mfalme mwogopeni."

Asali yake ya kupaka majeraha ilikuwa kishawishi kikubwa. Watu waliojikwaruza kucha walimjia wakijikokota kama wanaokata roho, wapakwe asali, kisha wakailambe nyuma ya kibanda. Alipogundua, akaanza kuichanganya na nyongo ya ng'ombe. Majeraha yakapungua ghafla machimboni, na msimamizi wa wakati huo akasifiwa na wakubwa kwa kuwalinda watu wake.

Tuzungumzie na sauti yake. Kila anapofunga jeraha husoma maneno ya kumwomba Isis, kama ipasavyo, ila husoma kwa sauti ya bata aliyekabwa. Wapo wanaoapa kwamba walipona haraka ili anyamaze.

Ndiye aliyepiga marufuku mtu kusimama chini ya jiwe linaposhushwa kwa kamba. Aligombana na wasimamizi kwa miaka, akaitwa mwoga, akaambiwa arudi kwenye vitambaa vyake. Hakurudi. Wengi mliokaa hapa mna miguu miwili kwa sababu ya ubishi wake.

Hata hivyo, kazi iliyomzeesha ni kutoa kauli. Sisi matabibu tukishamchunguza mgonjwa husema moja ya tatu: ugonjwa nitakaoutibu, ugonjwa nitakaopambana nao, au ugonjwa usiotibika. Hapa Roau husemwa kwa sauti, mbele ya ndugu na wenzake wa kazi, ili kila mtu ajue amesimama wapi. Mke wa mchongaji mmoja alimshika nguo, akamsihi aseme ya kwanza, japo ya kumfariji. Akamwambia, "Mama, nikikudanganya leo, kesho nani ataniamini?" Walioambiwa ya tatu walimchukia, wengine wakatema mate alipopita. Aliendelea kuwasalimia.

Siku chache zilizopita kipande cha dari kilianguka ndani ya shimo la kaskazini, kikampiga Senbi kichwani. Senbi ni mchongaji wetu, na ndiye mtoto pekee wa Mzee. Mzee alifika wa kwanza, akapiga magoti, akanyoosha kidole apapase jeraha. Kidole kikasimama hewani. Sijawahi kumwona hivyo.

"Papasa wewe," akaniambia. "Vidole vyangu vinataka kunidanganya."

Nikapapasa. Mfupa ulikuwa umepasuka. Nilipomwambia Senbi atazame mabega yake, hakuweza kugeuka upande wowote, shingo imekakamaa, na shingo ya namna hiyo ndiyo tunayoiogopa kuliko damu. Nikatoa kauli ya pili: ugonjwa nitakaopambana nao. Mama yake, Mama Teti, akanikazia macho. "Mwanangu, unapambana nao kweli, au unatuonea huruma?" Nilimjibu kwamba napambana. Sikuwa na hakika, na hofu hiyo sijaitua hadi sasa.

Tangu siku ile Mzee hajaingia kibandani. Anaogopa akimwona ataingiza mikono na kuharibu. Hukaa nje, mgongo ukutani, akinisikiliza nikibadilisha kitani, mafuta na asali. Jana jioni alinijia nikikoroga dawa.

"Mchunguze asubuhi," alisema. "Kisha kauli nitolee palepale ninapoagwa, mbele ya watu, kama nilivyowatolea wao. Usije ukaninong'oneza uchochoroni."

"Mzee, watu watakuwa wanakula."

"Watameza."

Basi tumefika. Mzee wetu, tumekuandalia bata wa kuchoma, mkate mweupe, na kiti chenye egemeo walichokutengenezea maseremala. Tangu asubuhi watu wananivuta pembeni, hata Khety mwenyewe, wakitaka niongeze kauli ya kwanza juu ya zawadi hizo. Nimekataa. Natamani kuliko wote ningeweza kuisema.

Asubuhi hii nilimwambia Senbi atazame bega lake la kulia. Aligeuka polepole, akalitazama. Nilimwomba Khety asimame nami aone, maana macho yangu pia yanatamani mengi. Nikamwambia Senbi atazame la kushoto. Maumivu yakamtoa machozi, hakufika.

Renseneb, kuhusu mwanao Senbi, mwenye jeraha la kichwa lililofika mfupani na kuupasua: ni ugonjwa nitakaopambana nao.

Roau inakushukuru kwa kila mfupa uliounga na kila ukweli uliotuambia. Tunakuombea siku nyingi za amani na usingizi usiokatizwa na mtu anayebisha mlango. Chakula tutakufunikia. Senbi ameniuliza kwa nini huingii kumwona. Tabibu wake yupo, Mzee. Nenda ukawe baba yake.